Feni Inazunguka, Kioo ni Cheusi: Kutafuta Kasoro ya Kompyuta ya Mezani kwa Utaratibu

Mwezi Julai, miaka michache iliyopita, niliitwa katika shule moja ya sekondari iliyo katika milima ya Usambara ili niitazame kompyuta ambayo, kwa maneno ya mkuu wa shule, ilikuwa "imekwisha kufa". Ilikuwa kompyuta ya mezani ya zile zilizotengenezwa katikati ya miaka ya 2000, ambazo zimefika katika shule zetu nyingi baada ya kutumika kwanza katika ofisi za nchi nyingine. Ukibonyeza swichi, feni ilizunguka na taa ya kijani iliwaka mbele ya kasha, lakini kioo cha monita kilibaki cheusi. Ndani ya kompyuta hiyo zilikuwamo alama za maendeleo za wanafunzi wa kidato cha nne, kazi ya miaka miwili ya walimu wanane, na siku za kuziwasilisha zilikuwa zimebaki kumi na mbili. Nakala nyingine haikuwapo. Muuzaji mmoja wa mjini alikuwa amekwisha kuitazama, akatoa hukumu kwamba ubao mama umeungua, na akakubali kuichukua ile kuukuu iwe sehemu ya bei ya mpya.

Si nia ya makala haya kumlaumu muuzaji yule. Mimi mwenyewe, niliyesomea mambo haya ng'ambo hadi nikapewa shahada ya udaktari, nilifanya katika shule hiyo kosa lisilo na udhuru, nami nitalieleza mahali pake. Nia ni kumwonyesha msomaji kwamba kioo cheusi ni dalili tu, na kwamba sababu zake ni chache, tena zaweza kutenganishwa moja baada ya nyingine na mtu mwenye bisibisi, mita ya umeme ya bei ndogo, na subira.

Alama haziko katika kioo

Kabla ya kugusa kitu chochote yafaa kutenganisha mambo mawili ambayo aghalabu watu huyachanganya, yaani mashine yenyewe na kazi iliyohifadhiwa ndani yake. Kila kilichohifadhiwa kimo katika diski kuu, kijisanduku cha chuma chenye ukubwa wa kitabu kidogo. Ndani yake mna visahani vilivyopakwa tabaka jembamba la sumaku, na sumaku haihitaji umeme ili idumu. Monita ikifa, au ubao mama ukiungua, visahani hivyo havina habari. Diski yenyewe hutolewa kwa kufungua skrubu chache na kuchomoa kebo mbili. Kisha huunganishwa na kompyuta nyingine iliyo nzima kwa kebo ya kugeuzia, na kusomwa. Diski za mashine hizi kuukuu ni za aina mbili: zile za IDE, zenye kebo pana kama utepe, na zile za SATA, zenye kebo nyembamba. Ziko kebo za kugeuzia ambazo hufaa kwa zote mbili na kuishia katika plagi ya USB.

Kwa hiyo mwenye kumbukumbu za thamani na aanze hapo. Tena asikubali mashine iondoke mlangoni pake ikiwa na diski ndani, hata akiambiwa kwamba imekufa mara tatu.

Kwa nini picha huchelewa

Mtu anayewasha redio hutazamia sauti mara moja, na anayewasha kompyuta hutazamia picha mara moja. Lakini katika kompyuta picha ni miongoni mwa mambo yanayokuja nyuma. Hebu tuifuate safari yake.

Umeme wa nyumbani, ambao kwetu Tanzania ni wa mkondo geu wa volti 230, huingia kwanza katika kisanduku cha umeme kilicho nyuma ya kasha. Mafundi wetu hukiita pawasaplai. Humo hugeuzwa kuwa mkondo mnyoofu wa volti 325 hivi, kwa kuwa kilele cha wimbi la volti 230 ni 230 mara 1.414. Mkondo huo hukatwakatwa makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, ukapitishwa katika transfoma ndogo, na kutoka upande wa pili ukiwa wa volti 12, volti 5 na volti 3.3. Kisanduku hujipima chenyewe. Kikiridhika kwamba volti zote zimetulia, hutoa ishara ya volti 5 katika waya mmoja wa kijivu, kama mpishi anayetangaza kwamba chakula ki tayari. Katika utaratibu wa ATX, uliotolewa na kampuni ya Intel mwaka 1995 na kufuatwa na karibu kompyuta zote za mezani baada yake, ishara hiyo huja kati ya sehemu moja ya kumi na nusu ya sekunde baada ya kuwashwa. Kabla ya ishara hiyo prosesa huzuiwa isianze kazi.

Ishara ikifika, prosesa huamka bila kujua lolote. Huenda mahali pamoja palipowekwa tangu kiwandani, katika kipande kidogo cha kumbukumbu isiyofutika, na kusoma humo programu fupi iitwayo bayosi. Kwa maagizo ya programu hiyo hukagua sehemu za ubao, huitafuta kumbukumbu ya muda na kuijaribu, kisha huitafuta kadi ya picha na kuiamsha. Ni hapo tu ndipo herufi ya kwanza inapoweza kuonekana katika kioo. Utaratibu wa kujikagua namna hii ulikuwamo hata katika kompyuta ndogo ambayo kampuni ya IBM iliitangaza tarehe 12 Agosti 1981. Mashine ile ilipojiona nzima ilitoa mlio mmoja mfupi.

Msomaji ataona tatizo lililopo. Kila kasoro inayotokea kabla ya kadi ya picha kuamka ni kasoro isiyoweza kuandikwa katika kioo, maana kalamu yenyewe bado haijashikwa. Kioo cheusi chaweza kutokana na swichi ya monita iliyozimwa, au na prosesa iliyokufa, na kwa mtazamaji hali hizo mbili zinafanana kabisa.

Kuugawa mnyororo katikati

Tuseme mnyororo huo, tangu soketi ya ukutani hadi kioo, una viungo kumi na sita, na kimoja kimekatika. Anayekagua kimoja kimoja kuanzia mwanzo aweza kulazimika kufanya ukaguzi mara kumi na tano. Anayeuliza swali linaloukata mnyororo nusu kwa nusu, kisha nusu yenye kasoro nusu kwa nusu tena, atamaliza kwa maswali manne. Hii ni hesabu ya shule ya msingi, lakini mafundi wengi sana huanza na sehemu wanayoipenda au, mbaya zaidi, na sehemu wanayoiuza.

Swali la kwanza linaloukata mnyororo vizuri liko katika kibodi. Washa kompyuta, ngoja dakika moja au mbili, kisha bonyeza kitufe cha kufungia tarakimu, kile kilichoandikwa Num Lock. Kama taa yake ndogo inawaka na kuzimika kila ubonyezapo, basi prosesa, kumbukumbu, ubao mama na kisanduku cha umeme vinafanya kazi. Mashine iko macho, na kasoro iko upande wa kadi ya picha, kebo au monita. Kama taa haibadiliki, kasoro yaelekea iko upande wa awali. Swali hili halina gharama yoyote, wala halihitaji kufungua kasha.

Tuchukue kwanza upande wa monita, kwa kuwa ni mwepesi. Ichomoe kebo ya picha kutoka nyuma ya kompyuta huku monita ikiwa imewashwa. Monita nyingi zitaandika zenyewe kwamba hazipati ishara, au zitaonyesha kisanduku cha rangi kinachoelea. Ikifanya hivyo kioo chake ni kizima, na upekuzi uhamie kwingine. Isipofanya hivyo, chukua tochi umulike kioo kwa pembe ukiwa katika chumba chenye giza. Katika monita bapa za zamani, ambazo zilimulikwa kwa mirija myembamba ya mwanga iliyo nyuma ya kioo, mara nyingi utaiona picha hafifu kama maandishi yaliyofutwa ubaoni: picha ipo, ila mwanga wa nyuma umekufa. Zile monita za zamani zaidi, zenye mgongo mrefu kama televisheni, msomaji asizifungue kamwe. Katika bomba la picha ya rangi mna umeme wa volti 25,000 hivi, na waweza kubaki humo baada ya plagi kuchomolewa.

Kebo nayo itazamwe. Ile ya VGA, iliyoanza na kompyuta za IBM za mwaka 1987, ina pini kumi na tano, na pini moja iliyopinda yatosha kuharibu picha. Yapo makosa ambayo nimeyakuta mara nyingi kuliko kasoro yoyote ya kweli. Kompyuta nyingi zina tundu la picha katika ubao mama, na pia zimeongezewa kadi ya picha yenye tundu lake. Kadi ikiwekwa, lile tundu la ubao mara nyingi huzimwa na bayosi. Mtu akaihamisha meza, akairudisha kebo katika tundu lisilo lake, na shughuli ya ofisi nzima ikasimama siku nne kwa kukosa sentimita kumi.

Iwapo picha huonekana mwanzoni, ikatokea nembo ya mtengenezaji, kisha kioo kikawa cheusi, basi ubao na kadi havina hatia kubwa. Yamkini programu endeshi inatoa picha ya vipimo ambavyo monita ya zamani haiwezi kuvionyesha. Hilo hutengenezwa kwa kuanzisha mashine katika hali ya dharura na kupunguza vipimo, nasi hatutalifuata zaidi hapa.

Mashine husema kwa sauti

Ikiwa taa ya kibodi haikuitika, tunarudi upande wa awali, ambako hakuna picha ya kutusaidia. Waliobuni mashine hizi walilijua jambo hilo, ndiyo maana waliipa bayosi sauti. Katika mashine zenye bayosi ya Award, mlio mmoja mrefu ukifuatwa na miwili mifupi humaanisha kwamba kadi ya picha haikuonekana, na mlio mrefu unaorudiwa bila kukoma huelekeza kwenye kumbukumbu. Katika bayosi ya AMI, milio minane mifupi ni malalamiko juu ya kadi ya picha, na milio mitatu ni ya kumbukumbu. Kompyuta nyingi za ofisini za HP na Compaq za miaka ya 2000 hulia na kukonyeza taa nyekundu pamoja: mara tano kwa kumbukumbu, mara sita kwa picha. Dell, katika aina nyingi za OptiPlex, walitumia taa nne ndogo zenye namba 1 hadi 4. Jedwali hizi hazilingani, na hata kampuni moja hubadilisha zake mara kwa mara. Yafaa kutafuta mwongozo wa mashine ile ile iliyo mbele yako.

Shida ni kwamba mashine nyingi zilizofungwa na mafundi wa mitaani hazina kipaza sauti cha milio. Zimeachwa bubu. Pini nne zake zipo kwenye ubao, lakini hakuna kilichochomekwa. Kijipaza sauti hicho ni kidogo kama kizibo cha chupa na bei yake ni ndogo mno, na kila mwenye kutengeneza kompyuta yampasa awe nacho mfukoni.

Sasa twaja kwenye jaribio ambalo mimi huliona kuwa bora kuliko yote. Zima mashine, chomoa plagi ya ukutani, gusa chuma cha kasha ili umeme tuli wa mwili wako uondoke, kisha vitoe vibao vyote vya kumbukumbu na kuviweka kando. Washa tena, usikilize. Kompyuta isiyo na kumbukumbu haiwezi kufanya kazi, lakini iliyo hai italalamika kwa mlio. Ikilalamika, umejua kwa mara moja kwamba kisanduku cha umeme kimetoa ishara yake, prosesa imeamka na bayosi inasomeka. Hapo rudisha kibao kimoja kimoja, katika mifuo tofauti, hadi umpate mwenye kosa. Ikinyamaza kimya, kumbukumbu haina hatia, na kasoro iko nyuma zaidi: katika umeme, prosesa au ubao.

Wasomaji wa Tanga, Mtwara, Zanzibar na Mombasa watakuta mara nyingi kwamba kibao cha kumbukumbu ni kizima, ila miguso yake imeshika utando. Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi. Vumbi likiungana nayo hupata kazi ya kufanya. Fundi hufuta miguso hiyo kwa raba laini ya penseli, na njia hiyo ni njema ikifanywa kwa mkono mwepesi, mbali na ubao, na unga wa raba ukapanguswa wote kwa brashi. Lakini dhahabu iliyopakwa pale haifiki unene wa elfu moja ya milimita, na anayesugua kwa nguvu kila mwezi ataimaliza. Kitambaa safi chenye spiriti kidogo ni bora zaidi.

Betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao, ya aina ya CR2032, nayo ipimwe. Ikiwa nzima huonyesha volti 3 au zaidi kidogo. Ikichoka, saa hurudi nyuma na mipangilio ya bayosi hupotea, na baadhi ya bao hukataa kabisa kuanza. Kuitoa betri kwa dakika chache, plagi ya ukutani ikiwa imechomolewa, huirudisha mipangilio ya kiwandani.

Kisanduku cha umeme

Hapa ndipo wengi hudanganyika, nami nilikuwa mmoja wao. Feni ikizunguka mtu husema, "Umeme upo." Feni haichagui, itazunguka kwa volti 12, na kwa volti 9 pia, bila kumwambia mtu. Prosesa haina uvumilivu huo. Kwa kipimo cha ATX volti hizi hazitakiwi kupotoka zaidi ya asilimia 5: waya wa manjano uonyeshe kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25, na wa rangi ya chungwa kati ya 3.14 na 3.47. Waya wa zambarau huwa na volti 5 hata mashine ikiwa imezimwa, maadamu plagi iko ukutani. Ule wa kijivu, wa ishara niliyoieleza, uwe karibu na volti 5 mashine ikiwashwa. Vipimo hivi vichukuliwe plagi kubwa ikiwa imechomekwa ubaoni na mashine inafanya kazi, ncha nyekundu ya mita ikiingizwa kwa nyuma ya plagi na nyeusi ikigusa waya mweusi. Kisanduku kinachopimwa bila mzigo ni kama mchukuzi anayesifiwa nguvu kabla hajatwishwa gunia.

Kabla ya kupima, hakikisha kwamba plagi ndogo ya pini nne, yenye nyaya mbili za manjano na mbili nyeusi, imechomekwa karibu na prosesa. Tangu mwaka 2000 hivi prosesa nyingi hupata umeme wake kupitia hapo. Ikisahauliwa, feni huzunguka, taa huwaka, na hakuna kingine.

Udhaifu wa visanduku hivi, na wa bao nyingi za zama hizo, uko katika kapasita, vile vikopo vya alumini vilivyosimama kama mitungi midogo. Ndani yake mna karatasi iliyoloweshwa kimiminika kinachopitisha umeme. Zilizotengenezwa kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi zina sifa mbaya duniani kote: kimiminika cha nyingi kilikuwa na maji mengi pasipo kinga ya kutosha, kikaila alumini na kuzaa gesi ya hidrojeni. Gesi huvimbisha kifuniko cha juu, ambacho kimechongwa alama ya msalaba makusudi ili kipasuke hapo kwa utaratibu. Kifuniko kilichotuna, au ukoko wa rangi ya kahawia chini yake, ni ushahidi wa kutosha. Hata kapasita njema huzeeka kwa joto: kwa kanuni ya mkadirio, kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka huupunguza umri wake kwa nusu. Kapasita iliyokauka ina tabia moja ya kukumbukwa. Ikiwa baridi, ukinzani wake wa ndani hupanda. Ikipata joto kidogo, hushuka.

Zipo kompyuta zilizoletwa kutoka Amerika ya Kaskazini, ambako umeme wa nyumbani ni volti 120 hivi. Visanduku vingi vya zamani vina kiswichi chekundu nyuma, kimeandikwa 115 na 230. Kikiachwa kwenye 115 na kuchomekwa katika umeme wetu, saketi ya kuongeza volti maradufu huzipandisha zile 325 zielekee 650, mbele ya kapasita zilizotengenezwa kuvumilia 200 kila moja, zikiwa mbili. Mlipuko wake husikika chumba cha pili. Tazama kiswichi hicho kabla ya plagi.

Kisanduku chenyewe kisifunguliwe na asiye fundi, kwa sababu zile volti 325 hubaki ndani kwa muda baada ya kuzimwa, na zinaua. Hubadilishwa kizima kizima.

Kosa langu

Siku ya kwanza nilifika shuleni saa nane mchana. Walimu walikuwa wameijaribu mashine tangu asubuhi, wakiiwasha na kuizima. Karani wa shule, mama wa makamo ambaye ndiye aliyekuwa akiitumia kila siku, aliniambia, "Daktari, asubuhi inagoma, mchana mara nyingine inakubali." Nilitabasamu kwa adabu, nikashika bisibisi. Nilivitoa vibao vya kumbukumbu nikavifuta, nikabadilisha betri, nikabadilisha kebo ya picha, nikarudisha mipangilio ya kiwandani, yote kwa mkupuo. Nilipoiwasha, picha ikaja. Walimu wakapiga makofi. Nikatamka kwamba kasoro ilikuwa utando katika kumbukumbu, nikawashauri wazinakili alama zao, wakasema watafanya hivyo kesho asubuhi, nikashuka mlimani.

Kesho asubuhi kioo kilikuwa cheusi.

Nilikuwa nimebadilisha mambo manne kwa pamoja, kwa hiyo sikuwa nimejifunza lolote. Na huenda hata moja kati ya hayo manne halikuhusika. Tena sikuigusa diski, ilhali alama ndizo zilizokuwa sababu ya safari yangu. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza akifanya hivyo maabara humnyima maksi.

Nilirudi Jumamosi iliyofuata, zikiwa zimebaki siku tano. Nililala hapo shuleni usiku wa kuamkia Jumapili ili niikute mashine katika saa yake ya ugomvi. Usiku huo huo tuliitoa diski, tukaiunganisha na kompyuta yangu ndogo, na faili zote zikaonekana. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ukungu ulikuwa bado madirishani, na mlinzi, kama kawaida yake, alikuwa amekata umeme wa jengo zima usiku kucha. Tuliuwasha umeme, tukaiwasha mashine bila diski. Num Lock haikuitika. Nilichomeka kijipaza sauti, kimya. Nikatoa kumbukumbu, kimya bado. Ndipo nikapima. Waya wa manjano ulionyesha volti 10.6, ukitetemeka, na ule wa kijivu ulikuwa karibu na sifuri. Kisanduku kilikuwa kikijipima, kikijiona hakifai, na kuizuia prosesa isianze. Feni ikaendelea kuzunguka kwa utii. Tuliiacha hivyo hivyo ikiwa imewashwa. Baada ya dakika ishirini na tano manjano ilikuwa imepanda hadi 11.6. Nikaizima na kuiwasha. Kijivu kikaruka hadi volti 5, na mashine ikalia kudai kumbukumbu yake.

Maneno ya karani yalikuwa ndiyo utambuzi kamili wa kasoro, ukikosa tarakimu tu.

Katika ghala ya shule, chini ya madawati yaliyovunjika, mlikuwa na kompyuta nyingine tatu zilizokwisha kuhukumiwa. Moja ilikuwa na kisanduku cha nguvu ile ile. Tulilinganisha rangi za nyaya katika kila pini kabla ya kukihamisha. Ukaguzi huo si wa kupuuzwa, maana kampuni ya Dell mwishoni mwa miaka ya 1990 ilitumia plagi zenye umbo lile lile la ATX huku nyaya zimepangwa tofauti, na anayechanganya hapo huunguza ubao uliokuwa mzima. Rangi zililingana. Tukakifunga kisanduku, tukakipima kikiwa na mzigo, manjano ikasimama kwenye 12.1, tukairudisha diski. Siku iliyofuata saa moja asubuhi, baridi ikiwa ile ile, mashine iliwaka kwa jaribio la kwanza, kisha la pili, kisha la tatu.

Zile tatu za ghalani nilizikagua mchana wa siku hiyo kwa maswali yale yale. Iliyotoa kisanduku chake ilikuwa na ubao wenye kapasita saba zilizotuna kando ya prosesa, nayo ikabaki kuwa ya vipuri. Ya pili ilikuwa na kibao kimoja kibovu cha kumbukumbu kati ya viwili. Ya tatu haikuwa na ugonjwa wowote. Plagi yake ya pini nne ilikuwa ikining'inia.

Alama za kidato cha nne zilinakiliwa mara mbili. Nakala moja ilipelekwa ilikotakiwa, siku mbili kabla ya mwisho. Ya pili karani aliifunga katika bahasha, akaiweka ndani ya sanduku la chuma pamoja na daftari za mahudhurio, na juu ya kasha la kompyuta akabandika karatasi yenye tarehe, jina la sehemu iliyobadilishwa, na volti tatu nilizomsomea.